UZI: Ketumile Masire, mfugaji wa Kanye ambaye serikali yake iliua ng'ombe 320,000

Zizi la Juu (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Uzi wa viongozi wa Afrika ukifunguliwa hapa majina ni yale yale: Nyerere, Nkrumah, Mandela, Sankara. Leo naleta mfugaji. Simsemei kiongozi mwenye ng'ombe watano wa mapambo nyuma ya nyumba. Huyu alijulikana kwa ng'ombe na jembe kabla hajajulikana kwa siasa, na urais ulipokwisha akarudi kwenye ng'ombe wake. Ni Ketumile Masire, wengi wakimwita Quett, rais wa pili wa Botswana.

Alizaliwa tarehe 23 Julai 1925 Kanye, mji wa Wangwaketse kusini mwa nchi, enzi hizo ikiitwa Bechuanaland na iko chini ya Mwingereza. Baba yake alikuwa mkubwa wa mtaa tu, si mtu wa ukoo wa kutawala. Mtoto akapelekwa machungani kama watoto wote wa kiume wa huko. Kwa Watswana, nyumba iko kijijini, shamba liko kando, na ng'ombe wako mbali kabisa, kwenye kambi ya mifugo ambako vijana wanakaa nao miezi. Shule akaianza akiwa na miaka 13. Alikuwa na kichwa, akapata ufadhili wa kusoma Tiger Kloof, Afrika Kusini. Akiwa huko wazazi wake wakafariki, akabaki na mzigo wa wadogo zake.

Chuo kikuu hakwenda. Alirudi nyumbani, na mwaka 1950 akaanzisha shule ya sekondari ya Seepapitso II hapo Kanye, akawa mwalimu mkuu. Hapo ndipo alipoanza kugongana na chifu wake, Bathoen II, mtu mwenye nguvu kweli kweli, aliyezoea kutia mkono kwenye kila jambo la shule. Masire akasimama na chama cha walimu kudai shule ziachwe zijiendeshe.

Baadaye akaweka akiba, akanunua trekta, na mwaka 1957 akapata cheti cha mkulima bora. Kulima eneo la Kalahari si mchezo. Mvua ni ya kubahatisha, udongo ni mchanga. Yeye akalima kwa kutunza unyevu, akavuna mahali ambapo majirani walikuwa wakivuna mabua. Kisha akafanya kosa kubwa kuliko yote machoni pa wenye mamlaka: akaweka uzio. Chifu akasema ile ni ardhi ya jamii, haizungushiwi uzio, akamnyang'anya mashamba.

Hapo mtu angeweza kuhamia Johannesburg na kusahau. Masire akaingia kwenye uandishi wa habari, akaingia baraza la kabila, kisha baraza la kutunga sheria, na mwaka 1962 akaanzisha chama cha BDP (Botswana Democratic Party) pamoja na Seretse Khama, aliyekuja kuwa rais wa kwanza. Khama alikuwa mtoto wa ufalme, jina lake linatosha kujaza uwanja. Aliyezunguka njia za mchanga akifungua matawi na kuhariri gazeti la chama alikuwa katibu mkuu wake, Masire, mfugaji wa Kanye.

Uhuru ulipofika Septemba 1966 nchi ilikuwa na watu kama nusu milioni na kilomita chache mno za lami, na ilikuwa imetoka kwenye ukame ulioua sehemu kubwa ya ng'ombe. Kitega uchumi kilikuwa machinjio ya Lobatse, basi. Masire akawa makamu wa rais na waziri wa fedha. Almasi ya Orapa iligunduliwa mwaka 1967, na mwaka huo huo sheria ikaweka madini yote chini ya serikali kuu badala ya kila kabila kumiliki ya kwake. Khama alipofariki mwaka 1980, Masire akashika urais hadi Machi 1998.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Mwaka 1995 homa ya mapafu ya ng'ombe iliingia Botswana kupitia kaskazini magharibi, wilaya ya Ngamiland. Nchi haikuwa imeuona ugonjwa huo tangu 1939. Wakajenga uzio mmoja, ugonjwa ukapita. Wakajenga mwingine, ukapita. Mwaka 1996 serikali ya huyu mfugaji ikaamua kuua ng'ombe wote wa wilaya. Wagonjwa na wazima. Karibu 320,000.

Wafugaji wa humu, jiwekeni hapo. Kiongozi mfugaji, aliyechunga mwenyewe, anayejua mtu anavyomwita kila ng'ombe kwa jina lake, anatia saini jambo lile. Hadi leo sijaamua kama ni uongozi uliotukuka au ukatili. Karibuni tujadili.

---

BintiKongwa

Asante kwa uzi mkuu. Mimi nimekwama kwa Bathoen. Yaani chifu alimpokonya mashamba na bado jamaa akawa makamu wa rais? Waliishije Kanye hiyo hiyo?

---

Zizi la Juu

Dada BintiKongwa, umegusa kipande kitamu, niliogopa kurefusha.

Mwaka 1969, Bathoen akaacha uchifu alioushika miaka na miaka, akajiunga na upinzani, chama cha BNF (Botswana National Front), akagombea ubunge wa Kanye dhidi ya Masire. Akamshinda! Makamu wa rais wa nchi, waziri wa fedha, akaangushwa nyumbani kwao na yule yule aliyemnyang'anya mashamba.

Masire alirudi bungeni kupitia nafasi zile chache za wabunge wa kuteuliwa. Wapo wanaosema hapo alibebwa, na kweli alibebwa. Lakini Bathoen hakuguswa. Hakufungwa, hakupelekwa kuishi mbali na kwao. Aliendelea kuwa mbunge wa upinzani miaka mingi huku Masire, mtu aliyemwangusha, akishika hazina ya nchi. Uchaguzi uliofuata, 1974, Masire akahamia jimbo jingine akashinda. Miaka hiyo, nchi ngapi za bara hili mtu angemwangusha makamu wa rais na kulala kwake salama?

---

Ndama Mwekundu

Naweka kiti hapa. Uzi wa ng'ombe bila picha ya ng'ombe lakini? 😄

---

mzee_wa_josho

Nimekuwa bwana mifugo muda mrefu, sasa nimestaafu. Wacha niseme juu ya huo ugonjwa maana naona mleta uzi kaupita haraka.

Homa ya mapafu ya ng'ombe si kama ndigana kali ambayo ukiwahi kupiga sindano mnyama anainuka. Kimelea chake kinakula mapafu taratibu. Ng'ombe anaweza kuonekana kapona kabisa, ananenepa, anazaa, kumbe ndani ya pafu kuna kipande kilichooza kimezungukwa na ukuta mgumu, na kimelea kiko hai humo. Siku akidhoofika, kwa njaa au kwa safari ndefu, ule ukuta unapasuka anaanza kuambukiza wenzake. Ukimpa dawa, dalili zinapungua, ila huwezi kusema kwa uhakika kwamba amekwisha kuwa salama. Ndiyo maana serikali nyingi haziipendi tiba yake. Wanaita mnyama wa namna hiyo amepona, na mwakani boma zima linakohoa.

Kwa hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni chanjo, mwaka kwa mwaka, ng'ombe wote, bila kuchoka. Chanjo inayotumika Afrika inaitwa T1/44, na niwaambie vijana msiojua: kimelea cha chanjo hiyo kilitoka kwetu, Tanganyika, kikapitishwa kwenye mayai mara 44 hadi kikapungua makali. Sisi ugonjwa uliturudia mwaka 1990 ukitokea upande wa Kenya, ukasambaa mikoa mingi miaka ile ya tisini. Tukachanja. Tunachanja. Haujakwisha.

Ya pili ni kuua wote eneo lote, kufunga mpaka, kupumzisha, kisha kuleta wapya. Ni ghali, inaumiza, na haiwezekani kabisa kama huna fedha ya fidia wala uzio. Botswana walikuwa na fedha ya almasi na walikuwa na uzio. Katika miaka miwili hivi ugonjwa ukafutika nchini.

Kitaalamu, kama ningekuwa daktari wao mkuu, ningeshauri kile kile. Kama ningekuwa mtu wa Maun, mji wa huko Ngamiland, ningeficha ng'ombe wangu porini usiku. Yote mawili ni kweli kwangu.

---

BintiKongwa

Fidia ililipwaje mzee wangu? Maana kwetu neno fidia likitajwa watu wanacheka.

---

Zizi la Juu

Nijibu mimi, mzee atanirekebisha. Ililipwa. Watu walipewa nafasi ya kuchagua: fedha taslimu, au sehemu fedha na sehemu ng'ombe wapya baada ya eneo kupumzishwa. Katikati ya hapo, kipindi wilaya haina ng'ombe, serikali ikafungua kazi za mikono za kulipwa na ikaongeza mgawo wa chakula. Walikuwa na uzoefu, kwa sababu ukame wa 1981 hadi 1987 waliuendesha kwa njia hiyo hiyo: kazi za kijiji, chakula shuleni, mbegu. Miaka ile ile Ethiopia inateketea kwa njaa, Botswana ilikauka lakini haikugeuka makaburi. Masire alipewa Tuzo ya Afrika ya uongozi dhidi ya njaa mwaka 1989 kwa ajili hiyo.

Ila fedha haikamuliwi maziwa. Mtu aliyekuwa na ng'ombe 8 anakamua wawili, akipewa noti, ile noti haifiki mwaka.

---

Sauti ya Nyika

Mimi nakuja kupinga, samahanini.

Mleta uzi umeeleza vizuri ila umetuficha mahali penye moto. Hebu tujiulize, kwa nini ilikuwa lazima ugonjwa ufutike kwa haraka namna ile? Soko la Ulaya. Tangu mkataba wa Lomé wa 1975, ule wa biashara na Ulaya, Botswana ilikuwa na nafasi ya kuuza karibu tani 19,000 za nyama isiyo na mfupa kila mwaka kwa ushuru mdogo sana. Bei ya Ulaya ilikuwa asali. Ugonjwa ukishuka kusini, asali imemwagika.

Sasa, ng'ombe wa Ngamiland walikuwa wakienda Ulaya? Hapana! Ngamiland kuna nyati wa Okavango, nyati wana ugonjwa wa miguu na midomo, kwa hiyo nyama ya huko ilikuwa hairuhusiwi kwenda Ulaya. Watu wa Ngamiland waliuawa ng'ombe wao kulinda soko ambalo wao hawaruhusiwi kuligusa. Waliofaidi ni wenye ranchi za kusini na mashariki. Rais mwenyewe mtu wa wapi? Kanye. Kusini.

Halafu mnaniambia mtumishi wa jamii. Jamii ipi?

Na bado. Sera ya ardhi ya malisho ya 1975, waziri wa fedha akiwa Masire. Wakasema malisho ya pamoja yamechoka, wenye ng'ombe wengi wahamie kwenye ranchi za kukodi zenye uzio, wanyonge wabaki na nafasi. Kilichotokea: wenye ng'ombe wengi wakachukua ranchi, zikiisha majani wanarudisha mifugo yao kwenye malisho ya wanyonge. Haki mbili kwa mtu mmoja. Na hiyo ardhi waliyoiita tupu ilikuwa na Wasan wanaoishi humo kwa kuwinda. Mwaka 1997, Masire bado rais, ndipo Wasan walipoanza kuhamishwa kutoka hifadhi ya Kalahari ya Kati kupelekwa makazi mapya ya New Xade. Wengine wakahamishwa 2002, na Mahakama Kuu ilikuja kusema mwaka 2006 kwamba hao wa 2002 waliondolewa isivyo halali.

Mtu aliyenyang'anywa shamba na chifu kwa sababu ya uzio, akaja kuizungushia nchi uzio. Nimemaliza.

---

Ndama Mwekundu

Duh. Mleta uzi njoo huku.

---

Zizi la Juu

Nipo. Nilikuwa nakamua.

Sauti ya Nyika, la soko la Ulaya sikubishii hata neno moja. Ni kweli Ngamiland haikuwa ikiuza Ulaya, na kiwanda cha nyama cha Maun kilifungwa baada ya mauaji yale, kwa hiyo walipigwa mara mbili. Nililijua nikaliacha kwa sababu nilitaka kwanza tuone uzito wa uamuzi. Umefanya vizuri kulileta.

Lakini nikukumbushe mambo mawili. La kwanza, homa ya mapafu ingewaua ng'ombe wa Ngamiland vile vile. Si kwamba soko lilitengeneza ugonjwa. Soko liliamua mwendo wa kupambana nao. La pili, ile fedha ya nyama ilikuwa ikiingia kwenye Tume ya Nyama ya Botswana, shirika la umma, na bei ilikuwa inafika kwa mwenye ng'ombe 5 kama kwa mwenye 5,000, kwa kilo na daraja la nyama. Kwamba mwenye 5,000 alipata zaidi, ndiyo, na hapo tatizo la Botswana ni kwamba kaya nyingi hazina hata ng'ombe mmoja.

Sera ya 1975: nakuunga mkono karibu kote. Walikuwa baraza la mawaziri la wenye ng'ombe, wakatunga sheria kwa macho ya wenye ng'ombe. Na Wasan wamebaki doa, halifutiki kwa kumsifu mtu.

Ninachokataa ni hilo la kusema hakutumikia jamii. Mtu anaweza kutumikia jamii na bado akawa na upofu wake, na upofu wake mara nyingi unaanzia palipo na mali yake.

---

Olkejuado

Mimi ni wa Kajiado, Kenya. Hii sera ya ranchi mnayoizungumzia sisi tuliionja kwa njia nyingine. Serikali yetu ilipitisha sheria ya ranchi za pamoja 1968. Wazo lilikuwa kwamba ukoo au kundi la familia wamiliki ardhi kwa hati moja, wachimbe kisima, wajenge josho, wapewe mkopo, wapunguze mifugo. Kupunguza mifugo hakuna aliyepunguza, ukame ulikuwa unatufanyia hiyo kazi. Mikopo ikalala. Kuanzia miaka ya themanini watu wakaanza kugawana ardhi, kila mtu na kipande chake, na kipande hakilishi ng'ombe. Wengi waliuza. Leo ukipita Kitengela unaona maghorofa mahali ambapo babu zetu walipitisha ng'ombe.

Kwa hiyo mimi nikisikia Botswana walikodisha tu ranchi bila kuuza ardhi ya jamii moja kwa moja, naona hata wao wamebaki na kitu. Sisi tulipewa hati tukaila.

Swali langu kwa mleta uzi: huyo Masire mwenyewe, ng'ombe wake waliwalisha watu kwa njia gani nyingine mbali na sera? Kuna ile desturi yao ya kukopesha ng'ombe?

---

Zizi la Juu

Ipo, wanaiita mafisa. Mwenye ng'ombe wengi anampa asiye nao awatunze; mtunzaji anakamua, anawalimia, na mara nyingine anapewa ndama. Ni jambo la zamani na lilifanywa na kila mwenye zizi kubwa. Ina uzuri wake na ina kamba yake, kwa sababu ukikaa na ng'ombe wa mtu huwezi kumpinga barazani. Tena visima virefu vilipokuja, wenye uwezo wakaweza kukaa na ng'ombe wao wote mahali pamoja na kulipa kijana mshahara mdogo, ile desturi ikadhoofika. Hapo ndipo ranchi ilipowauma maskini kimya kimya, kuliko hata uzio.

Kuhusu mifugo yake binafsi siandiki ya kusikia.

---

mzee_wa_josho

Olkejuado umenikumbusha. Hata kwetu vitalu vya ranchi za taifa vilipokodishwa kwa watu binafsi, tulianza kuona malumbano yale yale: mwenye kitalu anaishi mjini, jirani hana pa kulisha, ng'ombe wa jirani wanakamatwa, faini. Nimeshuhudia kesi moja ya hivyo, jina la ranchi silitaji. Mkurugenzi alikuja na gari zuri akatusomea mkataba. Mzee mmoja akamuuliza: "Huu mkataba ng'ombe wanaujua?"

---

Kivu Moja

Bandugu, miye niko Bukavu. Naona munasema juu ya Masire wa ng'ombe, lakini sisi huku tunamujua Masire wa Dialogue, yale mazungumzo ya amani ya Kongo.

Vita ilianza 1998, na makubaliano ya Lusaka ya 1999 yalisema Wakongomani wakae pamoja wazungumze: serikali, waasi wa MLC na wa RCD, vyama vya siasa, na société civile, yaani mashirika ya raia. Masire ndiye aliyechaguliwa kuwa mpatanishi. Mzee Laurent Kabila hakumutaka hata kidogo. Mwaka 2000 ofisi yake Kinshasa ilifungwa. Watu walisema hajui Kifaransa, anaegemea upande wa waasi, hajui Kongo. Kutojua Kifaransa ilikuwa kweli.

Kabila aliuawa Januari 2001, mutoto wake akamukubali Masire. Wakakutana Gaborone mwezi wa nane, ikaenda vizuri. Mwezi wa kumi wakaenda Addis Ababa, ikavunjika, hakukuwa na feza ya kutosha kuleta wajumbe wote. Watu wakamucheka. Halafu Sun City, mwisho wa mwezi wa pili 2002 hadi katikati ya mwezi wa ine. Zaidi ya siku 50 wajumbe mia tatu na kitu wanabishana, wengine wanaandika kwa redio kila usiku nani amekula nini. Walitoka na makubaliano nusu: serikali na MLC waliandikiana, RCD ikabaki inje. Sisi huku Bukavu tulikuwa chini ya RCD, kwa hiyo tulilala na kilio. Pretoria Desemba 2002 ndipo wote walikubali, na mwezi wa ine 2003 Masire akasimamia kikao cha mwisho.

Je, alileta amani? Huku mashariki hakuna mutu atakuambia ndiyo. Lakini nchi ilikuwa imekatwa vipande vitatu, ikarudi kuwa moja kwenye karatasi, na uchaguzi wa 2006 ulitoka hapo. Mutu alitukanwa miaka mitatu na hakuondoka. Miye kwa hilo namupa heshima.

---

BintiKongwa

Kivu Moja, pole na asante. Hii sikuijua kabisa. Na ile tume ya Rwanda nayo ni yeye?

---

Zizi la Juu

Ndiye. Mwaka 1998, katoka tu madarakani, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaunda jopo la watu mashuhuri kuchunguza mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Mwenyekiti Masire. Ndani yake walikuwemo Ellen Johnson Sirleaf kabla hajawa rais wa Liberia, na Amadou Toumani Touré wa Mali. Ripoti ilitoka Julai 2000 na haikumung'unya maneno: mauaji yale yangeweza kuzuiwa, na iliwataja kwa majina waliokuwa na uwezo wa kuzuia wakakaa kimya, Ufaransa, Marekani, Baraza la Usalama, Kanisa. Mpaka umri wa miaka 90 alikuwa bado anaitwa kwenye usuluhishi. Msumbiji, serikali na Renamo, 2016, alikuwemo.

Mimi naona huu ndio utumishi wake uliokuwa safi zaidi, maana hapo hakuwa na ng'ombe wa kulinda.

---

Sauti ya Nyika

Hapo mleta uzi umesema neno. Nakupa hilo.

Ila turudi kwenye urais. 1991 kulikuwa na kashfa ya ardhi Mogoditshane, karibu na Gaborone. Tume ya uchunguzi ikawakuta makamu wa rais Peter Mmusi na waziri Daniel Kwelagobe wamehusika. Hiyo nayo tuiweke wapi?

---

Zizi la Juu

Iweke panapostahili. Mtu wa pili kwa ukubwa nchini alichunguzwa na tume iliyoundwa na serikali yake mwenyewe, ripoti ikatolewa hadharani, na 1992 wote wawili wakajiuzulu. Wananchi wakaadhibu chama: 1994 upinzani ukapata viti 13, haijawahi kutokea kabla ya hapo. Majibu ya Masire hayakuwa kuwapiga virungu. Tume huru ya uchaguzi ikaundwa, umri wa kupiga kura ukashushwa kutoka 21 hadi 18, na mwaka 1997 katiba ikabadilishwa rais asizidi miaka 10. Machi 1998 akaondoka mwenyewe, kipindi hakijaisha.

Najua utasema alimwachia makamu wake, Festus Mogae, bila uchaguzi. Ndiyo, huo urithi wa moja kwa moja nao uliwekwa kipindi hicho hicho, na wapo Watswana wanaoulaumu mpaka leo.

---

Sauti ya Nyika

😂 Umenisoma. Nilikuwa naandika hilo hilo.

---

Ndama Mwekundu

Jamani mimi nilikuja kutafuta ushauri wa ng'ombe wa kisasa, nimetoka na historia ya Botswana, Kongo na Rwanda. Alikufa lini huyu mzee?

---

Zizi la Juu

Tarehe 22 Juni 2017, Gaborone, akiwa na miaka 91. Akazikwa Kanye. Mke wake, Mama Olebile, alimtangulia mwaka 2013. Miaka yote ya ustaafu alikuwa kwenye mifugo yake akiitwa huku na huku kusuluhisha.

---

Olkejuado

Mzee wa josho, kabla uzi haujahamia ukurasa mwingine, nijibu la kitaalamu. Sisi hapa Kajiado tunapakana na nyinyi, ng'ombe wanavuka mpaka kila siku kwenda mnadani na kurudi. Kama chanjo mnachanja upande wenu mwezi mmoja na sisi tunachanja mwezi mwingine, si tunacheza tu?

---

mzee_wa_josho

Mnacheza, na sisi tunacheza. Chanjo ile haidumu sana, mwaka hivi, na ng'ombe anayevuka kabla ya zamu yake anakuwa amekosa kote. Kanuni iko wazi: pande mbili za mpaka zichanje kwa pamoja, msimu mmoja, na cheti kitambulike kote. Nilihudhuria vikao vya kupanga hilo nikiwa kazini. Chai ilikuwa nzuri.

Wewe ukinunua mnadani, ng'ombe wapya watenge. Siku 14 mnazoambiwa hazitoshi kwa huu ugonjwa, unaweza kujificha miezi. Mimi nilikuwa nawaambia watu miezi 3 kama una nafasi, na ukisikia hata mmoja anakohoa asubuhi akitembezwa, usipige sindano kimyakimya. Mwite bwana mifugo wa kata aje achukue damu.

---

Olkejuado

Miezi 3 nitawalisha wapi mzee, na nimekwambia ardhi tuligawana?